Chai, Maiti na Dirisha la Dawa

Wewe unayenisikiliza ukiwa na kikopo cha makohozi mfukoni, umekificha kana kwamba umekiiba, sogea hapa. Kitoe, kiweke juu ya benchi. Hujamwibia mtu. Mimi nilikibeba changu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na leo natoka sokoni Busia hadi nyumbani bila kusimama kushika ukuta. Nitakueleza nilivyopita. Nitaeleza polepole, kwa sababu ndiyo kazi yangu: nafundisha wasichana kushona, na msichana asiyeelezwa polepole hujishona kidole. Ila nakuonya mapema. Kifua kimepona. Hasira haijapona, na dawa yake siitafuti.

Kwanza nianze na vitabu, maana bila vitabu hutaelewa jinsi nilivyomjua aliyetaka kuniua.

Ukivuka mpaka wa Busia kutoka kwetu Uganda kuingia upande wa Kenya, kuna muuzaji wa mitumba anayetandaza gunia karibu na wauza viatu. Kati ya makoti ya watoto na mapazia hutokea vitabu vya Kiingereza, vyembamba, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Wenye kujua husema ni riwaya za upelelezi. Mimi naviita vitabu vya chai na maiti. Vyote vina mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake. Kuna mwanamke wa makamo mwenye duka, la keki au la nyuzi, na kuna paka. Asubuhi moja maiti inaonekana mahali pasipotarajiwa, labda katikati ya maua ya kanisa. Polisi wanamkamata mtu wa kwanza waliyemwona amenuna. Yule mwanamke anaweka birika motoni, anamimina chai, anaanza kuuliza watu maswali madogo madogo. Damu huioni sana. Mwishoni ukweli unajulikana na keki inakatwa.

Naipenda ile miji kwa sababu ni Busia tupu. Huko nako mtu akinunua mkate mara mbili kwa siku, jirani anataka kujua ana mgeni gani. Na napenda namna vilivyoundwa. Kitabu kizuri cha namna hiyo ni kama gauni: mshono umenyooka toka begani hadi pindoni, ila mahali pamoja uzi umeruka. Raha yote ni kuupata ule uzi kabla ya yule mwanamke kuupata.

Kikohozi kilinianza mvua ndefu zilipoanza. Nilikunywa tangawizi, nikanywa dawa za chupa, moja baada ya nyingine. Shuka likawa linaloa jasho hata siku za baridi. Bangili zangu, ambazo zamani zilinibana, zikaanza kupanda zenyewe hadi kwenye kiwiko nikiinua mkono. Wasichana wangu wa kushona wakapungua. Hakuna mzazi aliyeniambia kitu. Mmoja alisema mtoto amepata mafua, mwingine akasema shangazi ameugua Tororo, na wote wakasimama mlangoni, nje, mtandio puani. Alipobaki msichana mmoja, nikafunika cherehani kwa kanga na kwenda kupima.

Ilikuwa tibii, kifua kikuu. Kituo nilikotibiwa kiko upande wetu wa Uganda, na sitakitaja. Waliniambia dawa ni za miezi sita, nikizimeza zote nitapona. Hilo walisema kweli. Wewe pia ulishike: ugonjwa huu hupona.

Mume wangu Hamisi ni dereva wa lori za masafa. Huwa hayupo wiki nyingi, naye alilia kwenye simu mpaka mwenzake wa garini akaichukua ile simu na kuniaga kwa niaba yake. Aliyebaki kuniangalia ni dada yake, wifi yangu Rehema. Anakaa Busia ya Kenya, anauza ndara. Kila asubuhi alivuka mpaka na chupa ya uji wa wimbi, na pamoja na uji alileta mdomo wake.

“Wifi, umekonda mpaka kivuli chako kinakuzidi unene.”

“Asante kwa uji, Rehema.”

“Kaka yangu nilimwambia aoe mwanamke mwenye mwili, angalau ukipungua kitu kinabaki.” Kisha anaona kitabu mkononi mwangu. “Na wewe unasoma maiti huku mwenyewe unaelekea huko huko? Unafanya mazoezi?”

Nilikuwa nacheka mpaka nikohoe, naye ananishika mgongo mpaka kikohozi kipite. Ndivyo alivyo. Weka hilo akilini, kwa sababu mji mzima baadaye ulisahau sehemu ya kushika mgongo.

Kituoni, sisi wa kikohozi tulikuwa na benchi letu nje, chini ya bati, upepo upite. Kusubiri kwenye benchi lile ni kazi nzito kuliko kushona sare za shule nzima. Jua likizunguka tunazunguka nalo. Mlango unafunguka, kila mtu ananyoosha shingo, kumbe ni mtu anakwenda kumwaga maji. Nikawa nabeba kitabu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja kutoka kijiji cha Kisoko, mkulima wa karanga, jina lake Nyaketcho. Siku moja akashindwa kuvumilia, akaniita bibi kwa Kiganda.

“Nyabo, wewe nasoma nini na kucheka? Hapa sisi nakohoa tu.”

Nikamweleza. Mwanamke mwenye duka la keki, mzee tajiri amekutwa amekufa kwenye banda la maua, polisi wamemkamata mpwa wake.

“Banange! Si huyo,” alisema Nyaketcho papo hapo. “Huyo mpwa bado kijana, hawezi. Ni huyo nampikia chakula.”

“Kwa nini mpishi?”

“Kwani nani alijua muzei anakula nini?”

Mzee mmoja kutoka kijiji cha Petta upande wa pili wa benchi akasema hapana, ni daktari, madaktari ndio wanaojua kuua bila kelele. Tukacheka, na kicheko cha benchi la kifua kikuu si kizuri kukisikia, ni kama magunia yanaburutwa. Tangu siku hiyo nikawa nasoma nyumbani na kuja kusimulia. Niliacha kila mara mahali pabaya, mlango unagongwa, ili wote warudi kwa dawa zao zinazofuata. Na walirudi. Nilikuwa nakojoa rangi ya chungwa kwa ajili ya vile vidonge, tumbo likinigeuka kila asubuhi, lakini palikuwa na watu wanaonisubiri. Ukipata kitu cha namna hiyo, hata kidogo, kishike. Kinasaidia kumeza.

Kisha magoti na vifundo vya miguu vikaanza kuuma. Dawa hizi huwafanyia hivyo baadhi yetu, na ukiwaambia huwa wanakusaidia. Ilifika wakati wa kuvuna karanga, mimi siwezi kufika hata barabarani. Rehema akachukua pakiti yangu tupu akaenda kituoni kwa niaba yangu. Kadi yangu ilikuwa huko huko, nyuma ya dirisha la dawa.

Alirudi mikono mitupu, anapiga vigelegele toka njiani.

“Umemaliza! Wifi, umemaliza!”

“Nimemaliza nini?”

“Dawa! Mtu wa dawa kasema mwenyewe.”

“Mbona mapema? Walisema miezi sita.”

“Basi umepona mbio. Au unataka kuendelea kumeza ili uwapendeze?”

Majirani wakaja. Rehema alimchagua kuku mwenyewe, akamkimbiza mwenyewe, akaanguka kwenye matope, akanipikia mchuzi wa nazi na kuninyima shingo kwa sababu eti mgonjwa aliyepona anapewa paja. Nilikula. Ndugu yangu, ningekuwa mtu wa mawe kama nisingeamini furaha ile.

Mvua za vuli zikaja, na kumbikumbi. Watoto wa jirani walikuwa wanawaokota kwa ndoo. Nilikuwa dirishani nawatazama niliposikia kifua changu kinajikunja kwa namna niliyoijua, na kitambaa kikatoka na damu.

Sasa nisikilize hapa, maana hasira yangu inaanzia hapa.

Nilirudi kituoni nimebebwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na jirani. Daktari akaangalia kadi. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima linasikia. Alisema, “Mama, wewe ni mtoro.”

Mtoro. Neno la mtoto anayeruka ukuta wa shule. Nina wajukuu. Nikamwambia niliambiwa nimemaliza. Akasema, “Wote mnasema hivyo. Mnaacha dawa mkijisikia nafuu, halafu mnatuletea shida. Mnajiua wenyewe.” Nikaanzishiwa matibabu upya, toka kidonge cha kwanza. Vile nilivyovimeza kabla, na magoti yote yale, na kichefuchefu chote kile, vilikuwa vimekwenda bure.

Katika vitabu vyangu, mtu akifa, walau mmoja anajali kiasi cha kuuliza ilikuwaje. Mimi nilikuwa nakaribia kufa, niko hai, nina ulimi, na hakuna aliyeniuliza swali hata moja.

Mji nao ukafanya upelelezi wake, na ukaufanya kama wale polisi wa vitabuni: ukamkamata wa kwanza. Nani alikwenda kuchukua dawa? Rehema. Nani kila siku anamtukana mgonjwa? Rehema. Nani alitaka kaka yake aoe mwingine? Mwanamke mmoja akaniambia, mbele ya cherehani yangu, kwamba huenda dawa zilitupwa mtoni. Hamisi alirudi safari, akasikia hayo kabla hajavua viatu. Akampigia dada yake simu. “Usikanyage kwangu. Mke wangu akifa, nitajua ni nani.” Nilikuwa nimelala chumba cha pili na sikumzuia, kwa sababu nami nilikuwa na hasira, na hasira ikikosa mahali pa kukaa inamkalia aliye karibu.

Uji ukakoma. Rehema alituma neno kwa mtu: “Mwambieni nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.” Hakuna aliyeliamini.

Basi nikarudi benchini. Nyaketcho alikuwa bado yupo, naye alikuwa anakaribia mwisho wa dawa zake. Alikuja na chupa ya chai ya maziwa, akawamiminia wote, mimi wa mwisho maana nilichelewa kukaa. Akainamisha chupa. Likatoka tone.

“Pole, nyabo,” alisema. “Chai imemaliza.”

Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe ambacho hakikuwapo, mkono ukabaki hewani.

“Umesemaje?”

“Chai. Imemaliza.”

“Imemaliza nini?”

Alinitazama kama mtu aliyepandwa na homa. “Imemaliza! Hakuna! Wewe nataka niseme aje?”

“Na mimi ningekunywa kikombe changu chote, ungeniambiaje?”

“Ningesema wewe umemaliza.”

Sema maneno hayo mawili haraka, hapo ulipo. Dawa imemaliza. Dawa umemaliza. Sisi tuliozaliwa na Kiswahili nyumbani, na wale wa upande wa Kenya, chai kwetu inaisha. Chai haimalizi, mtu ndiye humaliza. Kwa hiyo sikio la Rehema, likisikia “maliza”, linamtafuta mtu. Lakini kwa nusu ya watu wa huku kwetu, wanaobeba lugha nne kichwani na kutumia Kiswahili sokoni tu, sukari inamaliza, mafuta inamaliza, hata mvua inamaliza. Nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote na sikuyasikia hata mara moja. Huo ndio uliokuwa uzi ulioruka.

Niliinuka. Magoti yalikataa, nikayalazimisha. Nikaenda kwenye dirisha la dawa, lile dirisha dogo la mbao linaloteleza, na nikamuuliza kijana aliyekuwa ndani, kwa adabu, kama dawa ziliwahi kukosekana wakati wa kuvuna karanga.

“Ndiyo. Ilimaliza kabisa.”

“Alikuja mama mmoja wa Kenya, na pakiti tupu.”

“Watu nakuja wengi.”

“Uliwaambiaje?”

“Niliambia wote: dawa imemaliza.”

“Na baada ya hapo?”

“Baada ya hapo nini?”

“Uliwaambia warudi lini? Uliwaambia waende kituo gani? Uliwaambia wasikae bila dawa?”

Alikuwa ameshaanza kusukuma dirisha. “Sasa mama, mtu mgonjwa si anajua mwenyewe atarudi?”

Nilikuwa na kitabu mkononi. Nikakichomeka kwenye uwazi. Dirisha likagonga jalada, likasimama, na mimi nikasema kwa sauti ambayo sikujua kifua changu bado kinayo: “Hapana, hajui! Umemwambia neno moja ukafunga! Mimi nimetapika miezi kwa sababu ya neno lako moja, na nikija hapa naitwa mtoro! Nani mtoro? Dawa ndiyo iliyotoroka!”

Benchi lote likasimama. Mzee wa Petta akapiga fimbo chini. Nyaketcho akasema kwa sauti, “Nilisema mimi! Ni huyo nampikia chakula!” na hapo, wallahi, katikati ya hasira ile, nilikaribia kucheka.

Daktari akatoka. Nikamweleza yote, polepole, kama ninavyowaeleza wasichana kutunga uzi kwenye sindano. Nikamwambia nataka lile neno lake la mtoro lirudishwe, na lirudishwe mbele ya benchi hili hili lililolisikia. Akasema, “Mama, tutaliangalia.” Mpaka leo wanaliangalia. Lazima ni neno zuri sana kwa kutazamwa.

Usinielewe vibaya. Herufi moja haikutaka kuniua. Herufi hazina nia, na kijana yule hakunitakia mabaya, alisema Kiswahili chake kama mamake alivyosema. Kilichokuwa karibu kuniua ni dirisha linalofungwa kabla mtu hajauliza swali la pili, na daktari anayejua jibu kabla hajauliza la kwanza. Hilo silisamehe, nawe usilisamehe.

Toka pale sikwenda nyumbani. Nilimwomba mwenye pikipiki anifikishe mpakani, nikavuka kwa miguu, nikapumzika kwenye kila kivuli. Rehema alikuwa anapanga ndara. Aliniona, akaendelea kupanga.

“Nimekuja kukuuliza, Rehema. Neno kwa neno, mtu wa dawa alikwambiaje?”

“Umeleta polisi au umekuja peke yako?”

“Neno kwa neno.”

“Alisema, ‘Dawa umemaliza.’ Nimeshaapa, mnataka nile udongo?”

“Alisema ‘imemaliza’.”

Aliniangalia. Midomo yake ikaanza kujaribu bila sauti, ume, ime, ume. Akaketi juu ya rundo la ndara.

“Hicho siyo Kiswahili!”

“Ni Kiswahili chake. Alimaanisha dawa zimekwisha kwao.”

Akaokota ndara moja, akaigeuzageuza mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Na mimi nikakimbiza kuku.”

“Ulikimbiza kuku kwa furaha. Nilikuona.”

“Kwa hiyo siyo mimi.”

“Kwenye vitabu vyangu anayekamatwa wa kwanza huwa siye.”

Hapo mdomo wake ukarudi. “Na wewe unayevisoma miaka yote, ulingoja nini kunitoa? Ulingoja waandike?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Akanipa ndara mpya nivae, kwa sababu zangu zilikuwa zimekatika njiani, akafunga biashara, akanivusha mpaka akinishika mgongo. Jioni ile nilimpigia Hamisi aliyekuwa safarini. Nikamwambia atakaporudi apitie kwa dada yake kwanza, kwa miguu, si kwa simu. Alipitia. Alikaa kibarazani kwake mpaka akapewa uji.

Ramadhani ilinikuta bado nameza, nikawa nakula mchana peke yangu jikoni nikiona haya, na Rehema, aliyekuwa amefunga, anakaa mbele yangu kuhakikisha nimemaliza sahani. “Mungu anajua dawa,” alisema. “Wewe tafuna.” Miezi ile niliimeza yote. Bangili zilishuka polepole, kiwiko, katikati ya mkono, kisha siku moja zikakwama mahali pake. Nyaketcho alishapona, ila siku zetu za dawa alipitia akitoka soko la Tororo, aje kujua nani kaua.

Siku ya mwisho tulikwenda wote, mimi na wifi. Kijana akafungua dirisha. Kabla sijasema kitu Rehema aliingiza kichwa chake ndani.

“Nani kamaliza? Sema vizuri, nakusikiliza.”

Kijana akatutazama, akaona na kitabu changu. “Yeye,” alisema. “Huyu mama ndiye amemaliza. Dawa iko, imejaa hapa.” Akasogeza boksi tulione.

“Rudia.”

Alirudia. Rehema alimfanya aseme mara ya tatu ndipo akakubali kwenda kutafuta kuku.

Sasa ni zamu yako, na kikopo chako. Ukifika dirishani ukaambiwa dawa imekwisha, imeisha, imemaliza, kwa Kiswahili cha mtu yeyote, usiondoke. Kama umemtuma mtu, mfundishe haya kabla hajatoka nyumbani. Weka mkono kwenye uwazi wa dirisha, uulize: “Ni mimi nimemaliza, au ni nyinyi mmeishiwa?” Wakisema wameishiwa, uliza utazipata wapi leo. Mkono usiutoe mpaka ujibiwe.